Kuilea Subira ya Mtoto wa Miaka Kumi

Aingiaye darasa la tano huko Tandale au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, saa saba mchana, joto likishuka kutoka mabatini na watoto watatu wakibanana katika dawati moja, huiona ghadhabu ikizaliwa mbele ya macho yake: penseli imenyakuliwa, kiwiko kimegusa kiwiko, na kabla neno halijatamkwa ngumi imekwisha kurushwa. Aghalabu sisi watu wazima humhukumu mtoto huyo kuwa hana adabu. Walakini elimu ya ubongo yatufahamisha kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima jambo na kuizuia nafsi, hukawia kukomaa hata mtu apindukiapo miaka 20, ilhali sehemu za ndani ziamshazo hofu na hasira huwa na nguvu tangu utotoni.

Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza kwamba wanafunzi wa darasa la sita mjini Boston, waliozoezwa kwa wiki 8 kuzingatia pumzi zao na kuzirejesha fikira zilizopotea, walipungukiwa na dhiki ya moyo, na amigdala, sehemu ya ubongo ihusikayo na hofu, haikushtuka kama zamani walipoonyeshwa nyuso za woga. Insafu yatulazimu kuongeza kwamba uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, juu ya wanafunzi zaidi ya 8,000, haukuona mafunzo ya namna hiyo yakiwafaa kuliko masomo ya kawaida. Na wengi wao hawakuyafanya mazoezi nyumbani.

Kipindi cha ratiba, basi, hakitoshi. Subira huota panapo mazoea. Katika vyuo vya Kurani vya Magomeni mtoto huketi mkekani, kidole juu ya herufi, akikosea arudie hata ulimi unyooke. Na Ramadhani ifikapo hufunga hadi adhuhuri, akaongezewa saa kwa kadiri ya umri wake.

Kanuni za elimu za Tanzania za mwaka 2002 zingali zinaruhusu viboko hadi vinne shuleni, lakini fimbo huiamsha hofu ile ile tunayotaka itulie. Afadhali dakika chache baada ya mapumziko, mwalimu na wanafunzi wavute pumzi pamoja, wakiitoa taratibu zaidi kuliko walivyoivuta, maana hivyo mapigo ya moyo hupungua. Naye asiyeitawala hasira yake hawezi kumfunza mwingine kuitawala. Kwa hiyo mafunzo haya na yaanzie vyuo vya ualimu, na majumbani kwetu wazazi, kabla ya kudaiwa mtoto wa miaka kumi.