Mgeni Anayeishia Mlangoni: Lugha ya Tovuti na Wasomaji wa Dadaab

Katika miaka ya karibuni taarifa nyingi zinazowahusu wakimbizi nchini Kenya zimehamia katika tovuti: tarehe za usajili, masharti ya ufadhili wa masomo, taratibu za kupata vitambulisho, na maelezo ya sheria. Wanaoziandika taarifa hizo wamerithi, pamoja na chombo kipya, kipimo kipya cha mafanikio, nacho ni hesabu ya wageni wanaofungua ukurasa mmoja tu kisha wakaondoka. Makala haya yanakusudia kukieleza kipimo hicho, kuchunguza sababu za wageni kuondoka mapema, na kuonyesha kwamba katika mahali kama Dadaab sehemu kubwa ya sababu hizo ni za lugha. Kwa hiyo zinatuhusu sisi tunaoshughulika na lugha, wala si mafundi wa kompyuta peke yao.

1. Kipimo na jina lake

Tuseme tovuti imetembelewa mara 100 kwa siku, na katika ziara 60 mgeni aliuona ukurasa wa kwanza tu asifungue mwingine. Kiwango tunachokizungumzia hapa ni asilimia 60. Hiyo ndiyo maana yake ya awali. Katika chombo cha Google Analytics 4, ambacho Julai 2023 kilichukua nafasi ya kile kilichokitangulia, maana imebadilika kidogo. Ziara huhesabiwa kuwa na manufaa ikidumu zaidi ya sekunde 10, au mgeni akifungua kurasa 2 au zaidi, au akitenda jambo ambalo mwenye tovuti ameliteua kuwa muhimu, mathalan kujaza fomu. Ziara isiyotimiza hata sharti moja kati ya hayo ndiyo inayoingia katika kiwango.

Kiingereza kimekipa kipimo hiki jina linalotokana na mpira unaodunda. Tukitafsiri kwa kitenzi ‘kudunda’ tutapata sitiari isiyomweleza msomaji wetu jambo lolote. Kiswahili kina picha yake: mgeni hupiga hodi, hukaribishwa, huingia, huketi. Asiyeingia ameishia mlangoni. Kwa hiyo katika makala haya nitatumia maneno ‘kiwango cha kuishia mlangoni’. Faida ya jina hili ni kwamba linatulazimisha kuuliza swali ambalo jina la Kiingereza haliliulizi: mgeni huyu aliishia mlangoni kwa sababu gani? Yamkini hakuna aliyemkaribisha. Lakini yamkini pia alikuja na swali moja, akajibiwa papo hapo, akaenda zake akiwa ameridhika. Hesabu huwaweka watu hawa wawili katika fungu moja, ingawa mmoja amehudumiwa na mwingine amekosa.

2. Haja ya habari katika Dadaab

Kambi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa, zilianza mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilikusudiwa kuwapokea watu wapatao 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa, idadi ilizidi 400,000. Mwaka huohuo shirika la Internews lilifanya uchunguzi kambini likakuta kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wakimbizi waliokuwa wamewasili karibuni hawakuwa na habari za jinsi ya kujiandikisha ili wapate msaada. Tarakimu hiyo inatosha kuonyesha kwamba mahali hapo kukosa habari ni sawa na kukosa chakula.

Kwa upande wa lugha, Dadaab si mahali pa lugha moja. Wengi huzungumza Kisomali, na ndani ya Kisomali chenyewe wazungumzaji wa Maay hawafuati kwa urahisi matini ya Maxaa, ambayo ndiyo msingi wa lugha sanifu iliyopewa hati ya Kilatini mwaka 1972. Wapo pia wazungumzaji wa Kioromo na wa lugha nyinginezo. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya; hivyo vijana wengi wamejifunza Kiswahili na Kiingereza darasani, na aghalabu ndio wanaowasomea wazee wao yaliyomo katika simu. Msomaji wa tovuti, basi, mara nyingi si mmoja: kuna anayesoma, na kuna anayesubiri kufasiriwa.

3. Sababu za kugeuka

Sababu ya kwanza ni uzito wa ukurasa. Utafiti wa Google wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 53 ya ziara za simu za mkononi huachwa iwapo ukurasa unachukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Palipo na mtandao dhaifu, na bando hununuliwa kidogo kidogo, jambo hili huwa zito zaidi. Ifahamike kwamba maneno yenyewe ni mepesi: makala haya yote, bila picha, hayazidi kilobaiti 10. Picha moja ya megabaiti 1, iliyowekwa juu ya ukurasa kuwa pambo tu, ina uzito wa makala kama haya 100. Mgeni aliyenunua megabaiti 20 huilipia picha hiyo kabla hajasoma neno lolote.

Sababu ya pili ni lugha ya mlangoni. Tovuti nyingi hufunguka kwa Kiingereza, na orodha ya lugha nyingine huandikwa kwa Kiingereza vilevile. Asiyeisoma lugha hiyo anatakiwa aisome kwanza ndipo aweze kuikwepa. Dawa yake ni rahisi: kila lugha iandikwe kwa jina lake yenyewe, yaani Kiswahili, Soomaali, Afaan Oromoo, tena juu kabisa ya ukurasa. Na mgeni akichagua lugha yake apelekwe kwenye taarifa ileile aliyokuwa akiitazama, asirudishwe mwanzo wa tovuti aanze safari upya.

Sababu ya tatu ni msamiati. Mtu hutafuta kwa neno alilozoea kulitamka, wala si kwa neno lililoidhinishwa ofisini. Mfano mzuri ni Bamba Chakula, mpango ambao Shirika la Chakula Duniani lilianza kuutumia katika kambi za Kenya mwaka 2015, ili wakimbizi wapokee sehemu ya posho yao kwa njia ya simu. Kitenzi ‘bamba’ kwa maana hiyo ni cha mitaani, na msanifu wa lugha angeweza kukitilia shaka. Lakini jina hilo lilienea. Ukurasa ambao kichwa chake ni ‘Utaratibu wa Utoaji wa Ruzuku ya Chakula kwa Njia ya Kielektroniki’ hauna kosa la sarufi, ila hautamfikia anayetafuta Bamba Chakula; na akiufikia kwa bahati, atadhani amekosea njia. Kadhalika maneno ‘usajili’, ‘kujiandikisha’ na ‘kuandikishwa’ yote yana watumiaji wake. Moja liwe katika kichwa, na mengine yapewe nafasi katika aya ya kwanza.

Sababu ya nne ni mpangilio wa maelezo. Jakob Nielsen alionyesha mwaka 1997 kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza walikuwa wakipitisha macho juu ya ukurasa mpya badala ya kuusoma neno kwa neno. Nathari yetu rasmi, hasa ile ya maofisini, imezoea kutanguliza salamu, historia ya shirika na shukrani kwa wafadhili, kisha jambo lenyewe likaja mwishoni. Mpangilio huo una adabu yake katika barua na katika hotuba, ambamo msikilizaji ameketi. Kwa mgeni aliyesimama mlangoni ni kikwazo. Sentensi ya kwanza ya tangazo la usajili haina budi kutaja nani anahusika, lini, wapi, na achukue nini mkononi.

4. Namna ya kumkaribisha ndani

Mgeni akisha kujibiwa swali lake la kwanza, ndipo tuna haki ya kumwalika aendelee. Njia ya kumwalika ni kiungo kinachosema ukweli. Maneno ‘bonyeza hapa’ au ‘soma zaidi’ hayamwambii msomaji ataona nini, naye kila ukurasa anaufungua kwa fedha yake. Kiswahili kina vitenzi vinavyoifaa kazi hii: ‘angalia tarehe za usajili’, ‘jaza fomu ya ufadhili’, ‘uliza kuhusu kitambulisho kilichopotea’. Aidha kiungo kifuate swali ambalo kwa kawaida huzaliwa na jibu lililotangulia. Anayesoma masharti ya ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, mathalan ule wa DAFI, baadaye atataka kujua vyeti gani vinahitajika, na baada ya hapo namna ya kuandika barua ya maombi. Kurasa tatu zikiunganishwa kwa utaratibu huo, msomaji atazipitia zote kwa hiari yake.

Zipo pia hila za kumzuia mgeni: kukata taarifa moja vipande vitano ili afungue kurasa tano, au kulificha jibu chini ya picha nyingi. Hila hizo hushusha kiwango cha kuishia mlangoni, na mwenye tovuti hupata tarakimu nzuri za kumwonyesha mfadhili. Lakini gharama huangukia kwa mkimbizi, na anayechoka kabla ya kipande cha tano hubaki na nusu ya habari. Nusu ya habari ni mbolea ya uvumi, na mwenye uvumi ni rahisi kuuziwa fomu ambayo hutolewa bure.

Kwa sababu hiyo kipimo kikamilishwe na kingine. Chini ya kila ukurasa liwekwe swali moja, ‘Je, umepata ulichokitafuta?’, pamoja na nafasi ya kuandika jibu kwa lugha yoyote. Majibu yatatenganisha aliyeridhika na aliyekosa, na maneno watakayoyaandika wageni yatakuwa hazina ya msamiati hai.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba kuondoka mapema kwa mgeni si kosa daima, na kukaa kwake kwa muda mrefu si heri daima. Linalopasa kupunguzwa ni idadi ya wanaoondoka bila jibu. Katika sababu nne tulizozitaja, tatu ni za lugha: uteuzi wa lugha, uteuzi wa maneno na mpangilio wa hoja. Idara zetu zinaweza kuandaa orodha za maneno yanayotumiwa kambini, kuzilinganisha na istilahi rasmi, na kuzijaribu matini mbele ya wasomaji wachache wa Ifo, Dagahaley na Hagadera kabla hazijachapishwa. Wasomaji watano, wakiombwa waeleze kwa maneno yao walichokielewa, watatuonyesha kasoro nyingi ambazo tarakimu peke yake haiwezi kuzitaja.