Mvuo Uliomo Kinywani mwa Samaki

Msomaji wetu wa Naivasha, ziwa ambamo besi wa Kimarekani walipandwa katika karne iliyopita, ametuuliza kwa nini wavuvi wa huko Marekani, wawatafutapo besi na blugili katika mabwawa ya maji yasiyo baridi, hufunga vyambo viwili vya manyoya katika mshipi mmoja: cha juu cha koki, kielee, na cha chini, kidogo mfano wa kijidudu, kining'inie kiasi cha nusu mita chini yake. Namna ya kuurusha mshipi nawaachia mafundi wake. Mimi linalonishughulisha ni kinywa cha blugili, kwani samaki huyu hamng'ati mdudu, bali humvuta pamoja na maji yake.

Tazama mivuo ya mhunzi: ainuapo ngozi, tumbo la mvuo hutanuka, kanieneo ya ndani (neno la darasani, silipendi, walakini sina jingine) hushuka, na hewa ya nje huingia kwa nguvu pasipo kuitwa. Samaki naye huteremsha sakafu ya kinywa na kutanua mashavu, na kabla haijapita sehemu ya kumi ya sekunde maji yamekwisha kuingia, yamemchukua mdudu, yakatokea nyuma kwenye matamvua, ambayo ndiyo tundu la pili la mvuo, lichelewalo kidogo kufunguka kuliko la kwanza. Wala nguvu hazitoki mashavuni, kama zisivyotoka katika ngozi ya mvuo bali katika bega la mhunzi: mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown walibainisha kwamba, kwa besi mdomo mpana, zaidi ya asilimia 95 hutoka katika misuli ya mwili, ile ile ya kuogelea.

Ila mvuto huo hauendi mbali. Ukivuka masafa ya upana wa mdomo wenyewe hufifia, na ndiyo maana blugili hukisogelea chambo, akasimama, akakikodolea macho. Mshipi ukikazwa, maji huingia na chambo kikabaki nje. Kwa hiyo cha chini sharti kiwe chepesi, katika uzi mwembamba uliolegea. Cha juu humwita besi kwa mlio wake, kisha huwa chelezo cha kutoa habari za chini, kwani samaki akitambua hadaa huugeuza mvuo na kukitema mara moja. Aghalabu chelezo hakizami, huteleza kando tu, na mvuvi angojaye kizame huvuta ndoana tupu.