Bwawa la nyumbani: hasara huanza maji yanapotolewa

Wenye nyumba za kupangisha katika ukanda wa pwani wa Dar es Salaam, kuanzia Msasani hadi Kunduchi na ng'ambo ya Kigamboni, wamezoea kulihesabu bwawa la kuogelea kuwa gharama ya mara moja. Shimo linachimbwa, zege linamwagwa, kodi ya nyumba inapandishwa, basi. Hesabu hiyo ina kasoro. Zege lililojengwa vizuri hudumu kwa miongo kadhaa, lakini ngozi ya ndani haidumu hivyo. Plasta ya saruji nyeupe huchakaa baada ya miaka kati ya saba na 15 hivi. Vigae huishi zaidi, ila saruji ya viungo vyake huliwa na maji, kisha kimoja kimoja huanza kubanduka. Anayenunua nyumba yenye bwawa la miaka kumi amenunua pia kazi ya kulikarabati, na kazi hiyo haina budi kuingizwa katika kupatana bei.

Chukua bwawa la kawaida la nyumbani: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.5. Linabeba lita 48,000, yaani maboza matano ya lita 10,000. Wakandarasi wengi hutoa bei ya ngozi mpya kwa mita ya mraba, na hapa ndipo wengi hushtuka. Mwenye nyumba huzidisha 8 kwa 4 akapata mita 32 za mraba. Amesahau kuta, ambazo peke yake ni mita 36. Kazi nzima ni mita 68 za mraba, zaidi ya mara mbili ya bajeti aliyokuwa nayo kichwani, na bado mkandarasi hajamdanganya kwa lolote.

Hata hivyo hasara kubwa haitokani na vipimo. Inatokana na siku ya kutoa maji.

Bwawa tupu lililo ardhini ni kama mtumbwi. Maji ya ardhini yanayolizunguka hulisukuma juu, na kinacholizuia ni uzito wake tu pamoja na udongo unaolibana kandoni. Bwawa lililotajwa hapo juu, likiwa na kuta na jamvi lenye unene wa sentimeta 20, lina zege la meta za ujazo zisizozidi 15, uzito wa tani 35 au 36 hivi. Likiwa limejaa, tani 48 za maji huongezeka na halina pa kwenda. Likiwa tupu, maji ya ardhini yakipanda kiasi cha mita moja tu juu ya chini ya jamvi, msukumo wake unalingana na uzito wa zege lote. Yakipanda zaidi, bwawa linanyanyuka. Mabomba hukatika, jamvi hupasuka, na bwawa likishanyanyuka ni nadra kurudi mahali pake. Hapo si ukarabati tena, ni kujenga upya.

Kwenye viwanja vya chini karibu na bahari, mita hiyo moja hupatikana kwa urahisi mwezi Aprili, masika yanapokolea. Ndiyo maana kazi ya kubadili ngozi ifanywe kati ya Julai na Septemba, hata kama mafundi wanatoa bei nafuu wakati wa mvua kwa kuwa hawana kazi. Kabla ya pampu kuwashwa, mkandarasi achimbe shimo la kukagulia pembeni, lenye kina kinachopita jamvi, ili maji ya ardhini yaonekane kwa macho na yavutwe ikibidi. Mabwawa mengine yamewekewa vali jamvini inayoruhusu maji ya ardhini kuingia ndani badala ya kulisukuma bwawa. Vali iliyokaa miaka kumi bila kuguswa huenda imeziba, hivyo isitegemewe peke yake.

Suala la nani afanye kazi hiyo lina njia mbili sokoni. Wapo wanaonunua vifaa wenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Bei huwa chini, lakini vigae vikianza kuanguka, fundi hulaumu gundi, mwenye duka humlaumu fundi, na mwenye nyumba hubaki katikati na risiti zake. Njia ya pili ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, anayebeba kazi na vifaa kwa mkataba mmoja. Kwa ujenzi mpya, ambako kibali cha halmashauri kinahitajika pia, njia ya kwanza ni kamari. Mchanga wa ufukweni peke yake, ukipenyezwa kwenye zege usiku kwa sababu ni wa bure, unatosha kuiozesha nondo kwa chumvi.

Katika mkataba wa ukarabati, mgawanyo usiomwumiza upande wowote ni asilimia 30 ya kuanzia, 30 baada ya ngozi ya zamani kubanduliwa na nyufa kuzibwa, na 30 vigae vikishakamilika na maji kujazwa. Asilimia 10 inabaki mkononi mwa mwenye nyumba kwa miezi sita. Anayedai nusu kabla ya kuleta hata mfuko mmoja wa saruji anatafuta mtaji, si kazi.

Kwa bwawa jipya, zege liachwe siku 28 likomae, kisha lijazwe maji likiwa tupu bila vigae, na kuachwa wiki nzima. Ufa unaoonekana wakati huo huzibwa kwa gharama ndogo. Ukionekana baada ya vigae, lazima vibomolewe.

Bwawa la zamani hupimwa kwa ndoo. Ndoo iliyojazwa maji huwekwa juu ya ngazi ya bwawa, pampu huzimwa, na baada ya saa 24 upungufu wa ndoo hulinganishwa na wa bwawa. Jua hupunguza yote mawili karibu sawa. Bwawa likizidi ndoo kwa sentimeta moja, linavuja lita 320 kwa siku, karibu boza zima kila mwezi.

Maji ya majaribio nayo ni fedha. Bwawa likijazwa, likivuja na kujazwa tena, hayo ni maboza kumi, na mikataba mingi haisemi nani anayalipia.