Miradi ya Ubia: Makisio Yakikosea, Nani Analipa?

Tarehe 13 Mei 2005, Edward Lowassa, wakati huo Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo wa Tanzania, alitangaza kwamba mkataba wa kampuni ya City Water umevunjwa. Ulikuwa mkataba wa miaka 10, na kampuni hiyo ilianza kusambaza maji Dar es Salaam Agosti 2003. Haikumaliza hata miaka miwili. Wiki chache baada ya tangazo, shughuli zote zilikuwa mikononi mwa serikali na wakuu wa kampuni waliotoka nje walikuwa wameondoshwa nchini.

City Water ilikuwa ubia wa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, pamoja na mbia Mtanzania. Nyuma yake kulikuwa na mradi wa dola milioni 164.6 wa kufufua mabomba, mitambo na mfumo wa majitaka, uliogharamiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na benki nyingine za maendeleo. Kampuni kubwa za Ufaransa nazo zilipita mchujo wa awali wa zabuni, lakini siku ya kufungua bahasha, bahasha ilikuwa moja tu. Hiyo peke yake ilikuwa habari. Kampuni zenye uzoefu wa maji duniani kote zinapotazama hesabu za jiji kisha zikaondoka bila kuweka bei, anayebaki mezani anapaswa kuulizwa ameona nini ambacho wenzake hawakukiona.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye daftari la wateja. Mfumo wa maji unaweza kuwa na pampu nzuri kwenye Mto Ruvu na bado usilipe, kama anayeendesha hajui nani anakunywa maji yake. Dar ya wakati ule ilikuwa na wateja waliokwishahama lakini bili zinaendelea kuandikwa kwa majina yao, mita zilizokufa zamani, na nyumba zilizojiunganisha bila kuandikwa popote. Kwa makadirio ya miaka hiyo, zaidi ya nusu ya maji yaliyozalishwa hayakuleta senti: mengine yalimwagika ardhini, mengine yaliishia kwa wauza madumu na kwenye maboza. Zabuni ya City Water ilijengwa juu ya matumaini kwamba makusanyo yangepanda haraka. Hayakupanda. Mwaka 2004 kampuni ikaacha kulipa kodi ya mwezi iliyopaswa kuilipa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, ikaomba masharti yapitiwe upya, ikakataliwa.

Kesi zilizofuata zinafundisha zaidi ya kuvunjika kwenyewe. Baraza la usuluhishi la ICSID, kituo cha kimataifa cha migogoro ya uwekezaji, liliamua Julai 2008 kwamba namna serikali ilivyomwondoa mwekezaji ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kati ya Tanzania na Uingereza. Hata hivyo halikuamuru fidia, kwa sababu kufikia Mei 2005 kampuni ilikuwa tayari haina thamani, na zabuni yake ilikuwa imepangwa vibaya tangu mwanzo. Katika shauri jingine, DAWASA ilishinda na kutunukiwa takriban pauni milioni 3. Kisheria, basi, Tanzania ilitoka salama. Lakini mama wa Manzese aliyekuwa akinunua dumu mwaka 2003 alikuwa bado ananunua dumu baada ya hukumu.

Mambo haya yanarudi sasa kwa sababu serikali za Afrika Mashariki zimekaza tena mwendo wa ubia na sekta binafsi. Tanzania ilitunga sheria yake ya ubia mwaka 2010 na kuirekebisha mara kadhaa. Kenya ilikuwa na sheria ya 2013, ikaifuta na kuleta ya 2021. Uganda ina ya 2015. Madeni yamepanda na bajeti zimebanwa, na mwekezaji anayesema atajenga kwa fedha zake anakaribishwa kwa mikono miwili. Waafrika Mashariki walioko Muscat, Minneapolis au London wanaguswa na habari hii kwa namna mbili. Wanaombwa kununua hati fungani za miundombinu, na fedha wanazotuma nyumbani ndizo zinazolipa nauli, bili na tozo za miradi yenyewe. Kwa Kenya peke yake, fedha zinazotumwa na walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024.

Sheria zote hizo zinadai upembuzi yakinifu kabla ya mkataba. Watu wengi hudhani kazi ya upembuzi ni kujibu kama barabara au bwawa linahitajika. Swali hilo ndilo jepesi kuliko yote, maana nani atasema Dar haihitaji maji? Upembuzi wa mradi wa ubia una kazi nzito zaidi: kupima kama mapato yatatosha kulipa gharama na faida ya mwekezaji, kama njia ya ubia ni nafuu kuliko serikali kukopa na kujenga yenyewe, na, juu ya yote, nani atabeba hasara endapo makisio hayatatimia.

Na makisio hayatimii mara nyingi mno. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg, mtafiti wa Denmark, na wenzake walichapisha ulinganisho wa miradi 210 ya usafiri katika nchi 14. Kwenye reli, miradi tisa kati ya kumi ilikuwa imekisia abiria wengi kuliko waliokuja, na kwa wastani makisio yalikuwa zaidi ya mara mbili ya abiria halisi. Kwenye barabara, nusu ya miradi ilipishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 20, juu au chini.  Sababu moja ni ubinadamu tu: mshauri hulipwa na anayeutaka mradi, na mara nyingi mzabuni mwenye matumaini makubwa ndiye anayeweka bei nzuri, kwa hiyo ndiye anayeshinda.

Kuna pia hesabu nyingine isiyoonekana, nayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Upembuzi hulinganisha malipo ya leo na malipo ya miaka mingi ijayo kwa kuyapunguza kwa asilimia fulani kila mwaka. Chukua shilingi bilioni 100 ambazo serikali itamlipa mbia baada ya miaka 20. Ukitumia kiwango cha asilimia 6, mzigo huo unahesabika leo kama bilioni 31 hivi. Ukitumia asilimia 12, unashuka hadi bilioni 10 na kidogo. Mradi ni uleule, deni ni lilelile, lakini ukipandisha kiwango hicho, malipo ya ubia yanaonekana mepesi na ujenzi wa serikali, unaolipwa mapema, unaonekana mzito. Mbunge anayepewa muhtasari wa kurasa tano usiotaja kiwango kilichotumika hajapewa kitu cha kuamulia.

Nairobi ina mfano wa wazi zaidi wa nani anabeba nini. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na kampuni ya Kichina ya CRBC na inaendeshwa na Moja Expressway kwa miaka 27. Magari yalianza kupita Mei 2022. Gari dogo lililopita njia nzima lilitozwa shilingi 360. Januari 2024 tozo ikapanda hadi 500. Kwa aliye Syokimau na anayeingia mjini kila asubuhi, hilo ni ongezeko la karibu asilimia 40 ndani ya miezi ishirini. Lakini geuza kwa dola: Mei 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 116, kwa hiyo 360 ilikuwa dola 3.10. Mwanzo wa 2024 dola ilikuwa karibu 157, na 500 ni dola 3.18. Kwa mwekezaji, bei haikubadilika.

Hakuna aliyeiba hapo. Mradi ulijengwa kwa fedha za kigeni, mkataba ukaruhusu tozo ifuate thamani ya sarafu, na shilingi ikaanguka. Hatari ya sarafu iligawiwa tangu mwanzo, na aliyegawiwa ni dereva. Anayetoka Dallas kwa likizo hakuumia, kwa kuwa dola zake zilimpa shilingi nyingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Aliyeumia ni yule anayelipwa mshahara kwa shilingi. Uamuzi wa namna hiyo ulistahili kujadiliwa mbele ya watumiaji kabla nguzo ya kwanza haijasimama Barabara ya Mombasa, kwa sababu ni uamuzi wa kisiasa hata ukiandikwa kwa lugha ya uhasibu.

Tanzania ilijifunza somo kama hilo kwa umeme. IPTL, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, ulitokana na mkataba wa 1995, wakati ukame umekausha mabwawa na mgawo umeshika nchi. Mkataba wa miaka 20 ulilitaka shirika la umeme, TANESCO, lilipie uwezo wa mtambo kila mwezi, umeme uchukuliwe au usichukuliwe. Ukafuata ugomvi juu ya gharama na aina ya injini, kwani mkataba ulitaja injini za mwendo mdogo na zikafungwa za mwendo wa kati. Mtambo ukaanza kuuza umeme mwaka 2002. Wakati huo bwawa la Kihansi, lenye megawati 180 za bei nafuu, lilikuwa limekwishaingia kwenye gridi. Dharura ya 1995 ilikuwa imepita, ila malipo yake ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mgogoro wa malipo hayohayo ndio uliozaa sakata la fedha za akaunti ya Escrow, na aliyeliibua bungeni mwaka 2014 ni David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini. Miaka baadaye aliteuliwa kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Kituo cha Ubia, PPPC, taasisi inayopaswa kuchuja mikataba ya aina hiyo. Watanzania wana haki ya kutegemea kwamba maswali aliyoyauliza akiwa mbunge yanaulizwa sasa ofisini kwake, tena mapema zaidi.

Wakati mwingine kosa halihitaji mtaalamu wa fedha ili lionekane. Karakana ya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam iliwekwa Jangwani, bonde ambalo jina lake halimdanganyi mkazi yeyote wa Magomeni: Mto Msimbazi ukijaa, pale ndipo maji yanapopita. Mabasi yameharibiwa na mafuriko pale zaidi ya mara moja. Mwendeshaji naye alianza Mei 2016 na mabasi 140, chini ya nusu ya yaliyokusudiwa kwa awamu ya kwanza, kwa hiyo foleni za Kimara asubuhi zilikuwa zimeandikwa kwenye hesabu kabla basi la kwanza halijaondoka.

Mradi unaokuja ni barabara ya kulipia ya Kibaha hadi Chalinze, karibu kilomita 79, ambayo serikali inataka ijengwe kwa ubia na baadaye iendelee Morogoro. Foleni ya malori kuelekea mizani ya Vigwaza inatosha kueleza kwa nini inatakiwa. Lakini upembuzi wake una mitego ambayo kila aliyewahi kusafiri njia hiyo anaweza kuitaja. Wahesabu magari wakikaa Chalinze mwezi Desemba, wakati Wachaga wanarudi Kilimanjaro kwa Krismasi, watapata namba ambazo Machi haitazirudia. Magari ya Tanga na Moshi yana njia nyingine ya Bagamoyo na Msata. Tangu Juni 2024 treni ya reli ya kisasa, SGR, inabeba abiria kati ya Dar na Morogoro kwa chini ya saa mbili, na mizigo ya reli ikishika kasi, malori nayo yatapungua. Barabara ya zamani itabaki bure kando ya mpya, na dereva wa lori la Kongo au Zambia, ambaye tajiri wake hupiga hesabu ya kila lita, atalinganisha tozo na muda atakaookoa.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachosema barabara isijengwe. Kila kimoja kinatakiwa kiwe na namba yake ndani ya upembuzi, ikiwemo namba ya mwaka ambao magari ni pungufu kwa theluthi. Baada ya hapo mkataba useme kwa shilingi, siyo kwa maelezo ya jumla, nani atafidia pengo la mwaka huo: mwekezaji, dereva au Hazina. Kama ni Hazina, kiasi hicho kiandikwe kwenye vitabu vya madeni vinavyowekwa mezani Dodoma kabla ya mkataba kutiwa saini, ili wabunge wa Kibaha na Chalinze wajue wanachopigia makofi.