Kijana na Shamba Lake la Kwanza: Funzo Kutoka Tabora

Kila mwaka vijana wengi humaliza masomo ya sekondari wakiwa na nia ya kulima. Nia hiyo ni njema, lakini haitoshi. Mara nyingi kijana huanza kwa kukopa fedha, kununua mbegu na mbolea, na kufyeka eka nyingi kwa mara moja. Mvua zikienda kombo, hubakiwa na deni. Makala hii yaeleza jambo moja liwezalo kumwepusha na hasara hiyo, nalo ni kulichunguza shamba kabla ya kulitegemea.

Wapagazi waliokuwa wakulima

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara itokayo Bagamoyo iligawanyika Tabora. Tawi moja lilielekea Ujiji, na jingine Karagwe na Buganda. Habari za pembe za ndovu husimuliwa sana, lakini yafaa tukumbuke kwamba misafara hiyo ililishwa na mashamba. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima. Walilima wakati wa mvua, kisha wakafunga safari ya pwani baada ya mavuno. Hivyo biashara yenyewe ilifuata kalenda ya mvua.

Hata leo Tabora ina msimu mmoja tu wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili. Katikati yake huweza kutokea majuma kadhaa ya ukavu. Akosaye kupanda kwa wakati hana msimu wa pili wa kujisahihisha.

Mnyororo wa udongo

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, alipendekeza neno la Kilatini katena, maana yake mnyororo, liwe jina la aina za udongo zinazofuatana kutoka juu ya mwinuko hadi bondeni. Mnyororo huo waonekana wazi Unyamwezini. Juu, penye miti ya miombo, udongo ni wa kichanga, una rutuba haba, na haushiki maji kwa muda mrefu. Chini, mbugani, ni udongo mweusi wa mfinyanzi, utuamishao maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Sababu mojawapo ni kwamba, kwa miaka mingi, maji huteremsha bondeni chembe ndogo za udongo pamoja na madini yaliyoyeyuka. Ndiyo maana karanga, mihogo na tumbaku hulimwa juu, na mpunga mbugani. Hatua mia chache tu huweza kubadili zao lifaalo.

Funzo la karanga

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima zaidi ya eka milioni 3. Fedha na matrekta vilikuwapo. Kilichokosekana ni majaribio ya kutosha juu ya udongo na mvua. Huko Kongwa udongo ulipokauka ulikuwa mgumu mno, hata kuzing'oa karanga kukawa taabu. Mradi uliachwa mwaka 1951, baada ya hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Kijana hana fedha za kiasi hicho, lakini aweza kulitenda kosa lile lile: kupanua kabla ya kujaribu.

Majaribio manne

Kwanza, apime mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vyatosha. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 katika kila mita ya mraba. Kwa hiyo milimita 20 huleta karibu lita 80,000 katika eka moja.

Pili, aupime udongo. Aulowanishe kidogo na kuuviringisha kiganjani. Wa kichanga humeguka. Wa mfinyanzi hufanya uzi mrefu. Afanye hivyo juu, katikati na chini ya mteremko.

Tatu, alime robo eka kwanza, aigawe sehemu mbili. Moja aipande mvua zianzapo, nyingine baada ya majuma mawili, kwa mbegu na nafasi zile zile, kisha apime mavuno. Karanga zilizopandwa mapema na kwa kukaribiana hushambuliwa kidogo zaidi na ugonjwa wa rozeti, ambao virusi vyake huenezwa na vidukari.

Nne, aandike gharama zote, hata zile zisizolipiwa fedha taslimu. Mkulima wa tumbaku inayokaushwa kwa moto hana budi kuhesabu kuni na kazi ya kupanda miti mingine. Msitu uliosimama nao una thamani: Tabora ni mashuhuri kwa asali, na miombo ndiyo inayowapa nyuki maua.

Walimu waweza kuyafanya majaribio haya katika shamba la shule, kila darasa likiachia lifuatalo daftari lake la mvua. Kijana atokaye shuleni na kumbukumbu za misimu mitatu atajua ni eka ngapi azilime, na ni kiasi gani cha mkopo anachoweza kukilipa hata mvua zikiwa haba.