Leseni ya Udereva Kahama na Geita: Shilingi Inakwenda Wapi?

Serikali haina bei mbili za leseni ya gari. Mchimba dhahabu wa Mgusu na karani wa benki wa Dar es Salaam wanalipa sawa: 10,000 kwa leseni ya kujifunzia, 3,000 kwa mtihani wa polisi, na 70,000 kwa leseni yenyewe. Jumla 83,000. Lakini ukikaa kijiweni Kahama au Katoro ukauliza leseni ni shilingi ngapi, utatajiwa laki mbili, laki tatu, na hata nusu milioni, na kila anayekutajia anaapa kwamba ndiyo bei. Hawadanganyi wote. Ila tofauti hiyo yote imetokea nje ya dirisha la Mamlaka ya Mapato (TRA), na huko nje ndiko mnunuzi anakoweza kubana matumizi au kuliwa.

Kwanza tuondoe lawama isiyo na msingi. Wengi wanasema leseni imepanda mno, kwa kuwa wanakumbuka ilipokuwa 40,000. Ni kweli, bajeti ya mwaka 2019/20 iliipandisha hadi 70,000, lakini pia iliongeza muda wake kutoka miaka 3 hadi 5. Gawanya mwenyewe: zamani ulilipa 13,300 na ushee kwa mwaka, sasa unalipa 14,000. Ongezeko halifiki hata bei ya soda moja na andazi. (Hesabu hii ni ya gari. Wa pikipiki na bajaji waulizie ada yao dirishani.)

Pesa kubwa ni ya shule, na hapo ndipo watu wanapolinganisha vibaya. Wanalinganisha ada, badala ya saa za kushika usukani. Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya shule fulani. Shule ya kwanza inataka 180,000, leseni juu yako. Ya pili inataka 350,000 "kila kitu ndani". Kwa haraka ya kwanza ni rahisi. Sasa toa zile 83,000 za serikali kwenye 350,000: ada halisi ya shule ya pili ni 267,000. Kisha uliza kila moja itakuweka nyuma ya usukani saa ngapi. Kama ya kwanza inakupa saa 6 na ya pili saa 15, ya kwanza inakuuzia saa moja kwa 30,000 na ya pili kwa 17,800. Rahisi imegeuka ghali.

Na "saa" yenyewe uibane vizuri. Wapo wanaopakia wanafunzi wanne kwenye gari moja, saa moja ikiisha kila mmoja kaendesha robo saa, iliyobaki kakaa nyuma anatazama kisogo cha mwenzake. Kutazama nako kunafundisha, lakini si kwa bei ile. Ukipiga simu usiulize, "Kaka, ada yenu bei gani?" Uliza, "Mimi mwenyewe nitashika usukani dakika ngapi kwa siku, na gari lenu ni la gia au otomatiki?" Uliza pia kama shule imesajiliwa na kama cheti chake kinapokelewa polisi, kwa sababu bila cheti cha shule mkaguzi wa magari hakupokei. Anayejibu haya bila kuzungukazunguka, mpe nafasi.

Vyuo vya ufundi vya VETA, ambavyo vipo Shinyanga na Geita, hutoa kozi fupi za udereva, na faida yao si ada tu. Ni kwamba nadharia inafundishwa darasani kwa ratiba, na unapewa stakabadhi ya kueleweka. Tabu yao ni hiyo hiyo ratiba: kozi ina siku ya kuanza, na asiyeiwahi anasubiri. Shule binafsi za mjini zinakupokea leo na kukufundisha saa 12 asubuhi au jioni, jambo ambalo kwa mtu wa shifti lina thamani ya pesa. Kwa mfanyakazi wa ofisi ya halmashauri ningesema VETA bila kufikiri mara mbili. Kwa mtu wa machimbo nafikiri mara mbili.

Sababu ni nauli na siku. Anayeishi Nyarugusu au Rwamgasa akajiandikisha shule ya Geita mjini, tuseme kwa nauli ya 5,000 kwenda na 5,000 kurudi, siku 20 za mafunzo zinamtoa 200,000, pengine zaidi ya ada yenyewe. Hapo hujahesabu shifti alizokosa. Kazi ya duara, yaani shimo la dhahabu, haina mshahara wa kusubiri mwisho wa mwezi; mawe yanagawanywa kwa waliokuwepo, na duara likitema siku uliyokuwa ukijifunza kurudi nyuma, hakuna wa kukuwekea kifuko. Kwa hiyo mtu huyu afanye moja kati ya mawili: atafute shule ndogo iliyo karibu naye hata kama ada yake iko juu kidogo, au ahamie kwa ndugu mjini wiki tatu amalize kwa mkupuo. Kibaya zaidi ni kwenda leo, kuacha wiki, kurudi tena. Leseni ya kujifunzia hudumu miezi 3. Ikiisha hujafanya mtihani, unalipia nyingine, na mikono imeshasahau klachi.

Hasara ya pili inatokea kwenye fomu, mahali pa kuandika daraja. Watu wa ukanda huu wanataka leseni ili iwalishe, halafu wanaomba B kwa kuwa ndiyo waliyoisikia. B ni ya gari lako binafsi. Haikuruhusu kuendesha gari la biashara, wala lori, wala kubeba abiria wa kulipa. Ukitaka kuendesha pikapu ya mkandarasi wa mgodini, au kenta ya kusomba mifuko ya saruji kutoka Kahama kwenda Masumbwe, unahitaji D. Lori zito, zile semi zinazopita Isaka na Kahama kuelekea Rusumo, ni E. Mashine za mashambani na migodini zimetengewa daraja lao. Na abiria ni ukoo wa C: C3 kwa gari la abiria wasiozidi wanne, C2 wasiozidi 15, C1 hadi 30, na C yenyewe kwa basi kubwa, ambayo huipati mpaka uwe na C1 au E kwa miaka isiyopungua mitatu. Dereva wa mchomoko, yaani gari dogo la abiria, anayesomba watu kati ya Katoro na Geita kwa leseni ya B anajiona ana leseni. Trafiki akimsimamisha, au bima ikiombwa kulipa baada ya ajali, hana.

Pikipiki nazo zina mtego wao. A1 ni ya injini isiyofika cc 125. TVS HLX 125 inaingia humo kwa kuponea chupuchupu. Boxer 150 haiingii, hiyo ni A. Tazama kadi ya pikipiki kabla ya kujaza fomu, usitazame umbo lake.

Anayelenga abiria ajue pia kwamba mtihani wa polisi si wa mwisho. Tangu sheria ya LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini) ya mwaka 2019, dereva wa gari la abiria anatakiwa kuthibitishwa na mamlaka hiyo, na kuna maswali ya kujibu kwenye kompyuta. Mabasi ya masafa marefu yana kifaa cha VTS cha kufuatilia mwendo, na dereva anajitambulisha kwa kitufe chake mwenyewe. Wanaotaka C kubwa hupitia kozi ya magari ya abiria, na jina linalotajwa zaidi ni NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Geita. Piga hesabu ya safari na malazi mapema. Ulizia pia kama kuna kozi inayotolewa karibu na kwenu kabla ya kukata tiketi.

Kwenye maswali hayo yote, ya polisi na ya LATRA, ndipo nadharia inapodai heshima yake. Katika safari yote hii, nadharia ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Kijitabu cha alama za barabarani kinapatikana steshenari kwa bei ya sahani chache za wali, na jioni nusu saa inatosha. Lakini vijana wengi wanadhani mtihani ni kuendesha, na maswali ni ya kupitisha muda. Mkaguzi anaanza na maswali, na mtu akibabaika pale, hata akija kukaa kwenye usukani anatetemeka.

Kosa la kwanza ni kukariri ubao kwa mpangilio. Darasani alama zimebandikwa kwa safu, mwanafunzi anazitaja kutoka kushoto kwenda kulia kama wimbo. Mkaguzi anainyooshea fimbo ile ya katikati, kimya. Jifunze kwa umbo: pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la bluu linaamuru, pembe nane ni simama, pembetatu iliyopinduliwa ni toa njia. Ukijua hayo, hata alama ambayo hukuwahi kuiona unaweza kuieleza nusu.

Kosa la pili ni kutaja jina na kunyamaza. "Hiyo ni alama ya mifugo." Sawa, na wewe unafanya nini? Kwa mtu aliyekulia Usukumani swali hilo lilipaswa kuwa zawadi: unapunguza mwendo mapema, hupigi honi katikati ya kundi, unasubiri mchungaji. Vivyo hivyo kipilefti: unampisha anayetoka kuliani, aliyekwisha kuingia. Ndani ya makazi mwendo ni 50, na magari ya zaidi ya tani 3.5 hayaruhusiwi kupita 80 hata nje ya mji. Pombe ina kipimo kwa dereva wa kawaida, ila kwa dereva wa abiria kipimo ni sifuri. Mstari usiokatika huvuki kupita gari lingine, hata lori la mbele likikuwashia indiketa ya kukukaribisha.

Barabara ya kutoka Tinde hadi Kahama inafaa kuwa kitabu chako cha mazoezi: malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, baiskeli za mkaa, ng'ombe, matrekta. Agosti 2022, eneo la Mwakata, ajali iliyohusisha Hiace, gari dogo, lori na trekta iliua watu wapatao 20. Maswali ya taa za nyuma, viakisi na umbali wa kuweka pembetatu ya dharura yanahusu njia hiyo hiyo utakayopita. Ukiwa abiria kwenye Hiace, keti mbele ujiulize kila alama inayopita. Darasa hilo limo ndani ya nauli.

Na vishoka? Bei yao huonekana nzuri: toa laki kadhaa, usihudhurie, leseni inakuja. Linganisha nao kama unavyolinganisha wengine. Zile 83,000 zinalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa kwa jina lako. Pesa yoyote iliyokwenda kwenye simu ya mtu haimo humo. Cheti cha umahiri kinatolewa na polisi baada ya mtihani, na alama za vidole unaziweka wewe mwenyewe. Anayekuambia huna haja ya kufika anakuuzia karatasi isiyo kwenye mfumo, na siku trafiki atakapoingiza namba ya karatasi hiyo, unapoteza pesa, leseni na pengine kazi. Na asiyehudhuria darasa, notisi za makosa zitamfundisha hesabu: gari ni 30,000 kila kosa, kwa hiyo makosa matatu ya kutojua alama yanazidi gharama yote ya serikali ya kupata leseni.

Hukumu yangu: anayefanya kazi ya ratiba mjini Shinyanga au Geita aende VETA. Mtu wa machimbo achukue shule binafsi ya karibu, yenye gari la gia na wanafunzi wasiozidi wawili kwa zamu, akae wiki tatu mfululizo, na aombe D tangu mwanzo kama gari ndilo litakalomlisha. "Kila kitu ndani" ikubali pale tu shule inapokuonyesha namba ya malipo yenye jina lako. Na kabla ya kulipa ada yote, omba kuketi darasani siku moja ya nadharia. Shule ikikataa, nenda ya jirani.