Gemu Imetupa Sauti, Sasa Itupe na Uamuzi

Zau amefiwa na baba yake, na moyo wake umegoma kuanua matanga. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kuwekeana naye ahadi: nitakukabidhi mizimu mikuu mitatu iliyokukaidi, nawe unirudishie baba yangu. Kalunga anakubali, na safari inaanza. Hiyo ndiyo Tales of Kenzera: ZAU, gemu iliyotoka tarehe 23 Aprili 2024. Sisi wa pwani tuna sababu ya pekee ya kuicheza, kwa kuwa ukifungua mipangilio yake unaweza kuchagua wahusika wazungumze Kiswahili.

Nimeicheza Tongoni, kijiji cha wavuvi kusini mwa jiji la Tanga. Napataja mahali kwa sababu panahusika na ninachotaka kusema. Pale Tongoni pana gofu la msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, mengi yakiwa ya nguzo. Nguzo nyingi zimeshaanguka. Katika baadhi yake bado unaona vishimo vya mviringo vilipopachikwa mabakuli ya kaure yaliyokuja na majahazi kutoka Mashariki. Mtu aliyekulia jirani na makaburi ya namna hiyo haoni ajabu gemu nzima ikijengwa juu ya kilio cha mtoto kwa mzazi wake.

Aliyeibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu walikwishamsikia akimwigiza Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na katika mahojiano ameeleza kuwa gemu hii ilitokana na msiba huo. Ameeleza pia kwamba babu yake alikuwa mganga. Haishangazi basi kwamba Zau ni mganga kijana, na kwamba kisa chake kimo ndani ya kisa kingine: kijana Zuberi, mkazi wa mji wa zama zijazo, naye amefiwa na baba, na mama yake anamkabidhi kitabu ambacho marehemu alikiandika. Tunachokicheza ndicho Zuberi anachokisoma.

Kwa uchezaji, Zau ana vinyago viwili. Cha jua humpa moto na mapigo ya karibu. Cha mwezi humpa mishale ya barafu na uwezo wa kugandisha maporomoko ya maji ili ayaparamie. Unavibadilisha kwa kubonyeza kitufe kimoja, na mkono ukishazoea padi, mapigano yanageuka ngoma. Muziki wa Nainita Desai unakwenda nayo bega kwa bega. Mizimu yenyewe imekusanywa kutoka pembe nyingi za Afrika: Impundulu, ndege wa radi, anatoka kusini mwa bara, na Kikiyaon anatoka magharibi.

Kilichonigusa kuliko vyote ni mibuyu. Kila Zau anapoukuta mbuyu katika safari yake, anaweza kuketi chini yake. Mapigano yanasimama. Kalunga anatokea, na wawili hao wanazungumza juu ya marehemu: hasira ya mwana, majuto yake, maneno ambayo hakuwahi kumwambia baba. Mazungumzo yakiisha, Zau anainuka akiwa na uhai zaidi ya aliokuwa nao alipoketi. Anayejua kazi ya kukaa matangani, majirani wakiwa wamezunguka mkekani na kumtaja maiti kwa mema, ataelewa mara moja kwamba aliyeandika sehemu hii aliujua msiba. Mwezi Aprili 2025 gemu hii ilipata tuzo ya BAFTA katika kundi la gemu zinazovuka mipaka ya burudani, na kwa sehemu hii peke yake ilistahili.

Hata hivyo, nilipoimaliza, baada ya takriban saa nane za kucheza kwa jumla, nilibaki na kiu. Zau anaamua kila jambo mwenyewe. Mimi niliyeshika padi nilimrusha, nikampiganisha, nikampandisha milima, lakini sikuulizwa hata mara moja: wewe ungefanyaje? Ahadi na Kalunga aliiweka yeye. Kila mzimu aliamua yeye namna ya kuukabili. Mwisho ni mmoja kwa kila mchezaji, awe mpole au mkatili, awe amesikiliza au amepuuza.

Kwa haki, watengenezaji wake hawakuahidi zaidi ya hapo. Hii ni gemu ya mapigano na uvumbuzi. Iko aina nyingine, gemu za kuigiza uhusika, ambamo hadithi hugeuka kufuatana na uamuzi wa mchezaji, na katika aina hiyo Kiswahili bado hakijapata kazi kubwa ya kujivunia. Wanaozijua gemu hizo watanielewa nikitaja The Witcher 3: Wild Hunt, iliyotengenezwa na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland na kutoka Mei 2015.

Chukua kisa kimoja tu ndani yake. Geralt, mwindaji wa majinamizi kwa ujira, anafika kwenye kilima chenye mti, na chini ya mti imefungwa roho. Roho inaomba ifunguliwe na inaahidi kuwaokoa watoto yatima ambao vikongwe watatu wa kinamasini wanataka kuwala. Mkuu wa kijiji jirani anataka roho hiyo iuawe. Ukiifungua, watoto wanapona, lakini roho inakiangamiza kijiji. Mwanamke aliyekuwa akiwalea watoto wale anaadhibiwa na vikongwe hadi anakufa, na mumewe anajinyonga. Ukiiua, kijiji kinasalimika, watoto hawaonekani tena, na mwanamke anabaki hai akiwa amerukwa na akili. Mumewe anamchukua kwenda kumtafutia tiba mbali. Hakuna njia ya tatu itakayomwacha kila mtu salama. Unaweka padi chini, unafikiri, na hukumu utakayotoa ni yako. Huwezi kumsingizia mwandishi.

Wapoland hawakukopa hadithi hiyo mbali. Waliitoa katika riwaya za mwandishi wao Andrzej Sapkowski na ngano za Waslavi, wakaiamini, na kufikia mwaka 2023 nakala zilizouzwa zilikuwa zimepita milioni 50. Huo ndio mfano ambao waandishi wetu wanapaswa kuutazama kwa makini, kwa sababu mali ya aina hiyo tunayo, tena kwa wingi, na Tanga imejaliwa kupita kiasi.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, upande uleule wa kusini mwa Tanga inakopatikana Tongoni. Katika Adili na Nduguze, kitabu chake cha mwaka 1952, ametuachia kila kitu ambacho gemu ya kuigiza uhusika inahitaji: mji ambao watu wake wamegeuzwa mawe, majini wenye sheria zao, mfalme anayetaka kujua ukweli, na ndugu watatu waliotenganishwa na wivu. Hasidi na Mwivu wanamtosa Adili baharini. Jini Huria anamwokoa, anawageuza ndugu hao manyani, na anamwamuru Adili awapige kila usiku. Asipowapiga, atapigwa yeye.

Sasa mpe mchezaji kiboko cha Adili. Usiku wa kwanza atapiga kwa hasira, maana walitaka kumuua. Usiku wa kumi ataona machozi kwenye macho ya nyani. Je, aache usiku mmoja na ajitolee mgongo wake? Amfiche mfalme au amweleze? Awaombee msamaha ndugu waliomtosa? Msomaji wa kitabu humhurumia Adili akiwa pembeni. Mchezaji wa gemu atalazimika kuwa Adili, na hapo somo la kusamehe litamkaa mwilini.

Tongoni yenyewe ina kisa kinachongoja mwandishi. Zamani palijulikana kama Mtangata. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zikielekea Mombasa, moja kati yake, São Rafael, ilikwama alfajiri kwenye fungu la mchanga mbele ya mji huu. Maji yalipokupwa ilibaki juu kavu. Shajara ya safari ile inaeleza kuwa wenyeji waliifuata kwa vyombo viwili wakiwa na machungwa, matamu kuliko ya Ureno, na kwamba wawili kati yao walibaki na wageni na kwenda nao hadi Mombasa. Milima iliyoonekana kwa mbali, ambayo ni Usambara, Wareno waliipa jina la meli yao. Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. São Rafael ikachomwa moto papa hapa.

Fikiria wewe ni nahodha kijana wa Mtangata asubuhi ile. Wageni wamekwama, wana mizinga, hawajui njia. Utawapelekea machungwa? Utapanda nao kwenda Mombasa? Utatangulia kuwaonya watu wa huko? Miezi tisa baadaye watarudi wachache na wagonjwa, na ulichokiamua mwanzo kitakuja kudai jibu. Tunajua Wareno walivyoitenda pwani hii baadaye: Kilwa na Mombasa ziliporwa mwaka 1505. Mchezaji anayejua hayo atalipima kila chungwa kabla hajalitoa. Kijana wa Tanga akiicheza gemu hiyo atajifunza historia ya kwao kwa namna ambayo hakuna mtihani utakaomfundisha.

Najua hoja itakayotolewa: gemu ni ghali kutengeneza. Ni kweli kwa gemu za michoro mikubwa. Lakini gemu ya hadithi inaanza na maandishi, na zana za kuandikia zipo bure. Twine inamwezesha mwandishi kupanga njia panda za hadithi bila kujua kuandika programu. Ren'Py, ambayo nayo ni ya bure, inatengeneza hadithi zenye picha na sauti, na kazi yake inaweza kuchezwa kwenye simu za Android, zile zile walizonazo vijana wengi. Wanaoandika riwaya za magazetini na michezo ya redio tayari wana ujuzi mgumu kuliko wote: kumfanya mtu atake kujua kitakachofuata. Kilichobaki ni kukubali kumwachia msomaji sehemu ya usukani.

Hukumu yangu juu ya Tales of Kenzera: ZAU ni hii: ichezeni. Ilitoka kwa bei ya dola 20 hivi, inapatikana kwenye PlayStation 5, Xbox Series, Switch na kompyuta, na kwa aliyefiwa hivi karibuni inaweza kuwa liwazo la kweli. Wekeni sauti ya Kiswahili na mwachieni Zau aomboleze kwa lugha yetu. Oktoba 2024 Surgent Studios, kampuni ya Salim, ilitangaza mpango wa gemu ya kuigiza uhusika katika ulimwengu uleule. Wakiifikisha mwisho, naomba mambo mawili: Kiswahili kibaki, na mchezaji aulizwe.

Kwa waandishi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Lamu, msiwasubiri. Someni upya Adili na Nduguze, nendeni Tongoni mkayaone makaburi yale kabla nguzo zilizobaki hazijaanguka, kisha andikeni hadithi yenye njia panda moja tu ambayo msomaji ataiwaza usiku kucha. Kazi kubwa huanzia hapo.